Usiandikie Wengine Tu: Utafiti wa Nyota Unaweza Kutoka Kabati na Jina Lako Juu

Kama umepitia chuo chochote Kenya miaka kumi iliyopita, unamjua angalau msee mmoja anayeandikia wazungu insha. Pengine ni wewe. Saa nane za usiku uko macho, laptopu imepata joto mapajani, mwanafunzi wa London amelala fofofo, nawe unamalizia kurasa kumi za somo ambalo hata hukusajiliwa. Asubuhi yeye anapeleka kazi kwa jina lake, wewe unapokea dola zako na siku inaendelea. Biashara hii imekuwa kubwa kiasi cha kutengenezewa filamu, The Shadow Scholars ya mwaka 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori, mzaliwa wa Kenya anayefundisha Oxford, akikutana na waandishi hao hapa nyumbani.

Kuna jambo moja ndani ya hadithi hiyo ambalo huwa linapita bila kuonekana. Hakuna anayeweza kusema tena kwamba vijana wa hapa hawawezi kuandika kitaalamu. Wanaweza, tena wameandikia hadi watu wa digrii za juu. Kinachokosekana ni jina tu. Kazi ni yetu, jina ni la mwingine.

Leo nataka nikuonyeshe uwanja ambao unaweza kuandika na jina likabaki lako: astronomia. Sisemi habari za kutabiriwa bahati kwa nyota yako ya kuzaliwa. Nasema sayansi yenyewe ya nyota, sayari na galaksi. Nimeichagua kwa sababu ni sayansi ambayo mitambo ya mabilioni ya pesa hukusanya data, kisha data hiyo inawekwa mtandaoni bure, na mlangoni hakuna askari wa kukuuliza kitambulisho wala umetoka chuo gani.

Mahali pia nimechagua makusudi: Kabati. Si ile ya Murang'a, ni hii ya Kitui Magharibi, kwenye barabara inayotoka Kitui mjini kuelekea Migwani na Mwingi. Hapa hakuna darubini ya utafiti. Kuna soko, kuna boda, kuna maembe msimu ukifika, na kuna mtandao wa simu. Ukitoka hatua kadhaa nje ya taa za soko, kuna giza ambalo mtu wa Nairobi hulipa nauli kwenda kulitafuta. Tena tuko karibu kabisa na ikweta. Ndani ya mwaka mmoja, mtu aliyesimama Kabati anaona karibu anga lote, la kaskazini na la kusini. Mtu wa London hawezi kuuona Msalaba wa Kusini akiwa kwake hata akeshe mwaka mzima.

Ikiwezekana Kabati, huna sababu ya kuniambia haiwezekani Umoja, Bamburi au Kondele.

Ilipaa kwetu, majina yakabaki kwao

Tuanze na hadithi ambayo kila Mkenya alistahili kufundishwa shuleni.

Tarehe 12 Desemba 1970, nchi ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, upande wa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, setilaiti ilikuwa ya NASA. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyowapa pwani, setilaiti ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kupima miali ya eksirei kutoka angani.

Kilichofuata kilibadilisha sayansi. Data ya Uhuru ilionyesha nyota zinazonyonya gesi ya nyota wenzao, na ikasaidia kuifanya Cygnus X-1 kuwa mgombea mkuu wa kwanza wa kuitwa shimo jeusi. Katalogi yake ya nne, iliyotoka mwaka 1978, iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Mwaka 2002 kiongozi wa mradi, Riccardo Giacconi, akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Hadi leo ukisoma utafiti wa astronomia utakutana na vitu vinavyoitwa 4U 1820-30 au 4U 1700-37. Hiyo U ni Uhuru, neno letu, na watu wa Japani na Ujerumani wanaliandika kila siku bila kujua limetoka wapi. Lakini fungua makala ya katalogi yenyewe, usome orodha ya waandishi. Hakuna Mutua, hakuna Wanjiru, hakuna Omar. Ardhi na bahari zilikuwa zetu, hata jina la chombo likawa letu. Ila sayansi huandikwa kwa jina la aliyefanya uchambuzi na kuuchapisha, na sisi kwenye meza hiyo hatukuwepo.

Tofauti na 1970 ni kwamba leo meza imetolewa nje na viti vipo. Kazi iliyobaki ni kwenda kukaa.

Mpemba aliuliza, wakacheka

Utasema: mimi ni mwanafunzi tu, nani atachapisha kitu changu? Basi mjue Erasto Mpemba wa Tanzania.

Mwaka 1963 alikuwa kijana wa kidato cha tatu, shule ya Magamba. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa ya kugombaniwa, hivyo Mpemba akaweka yake ikiwa bado moto. Ikaganda kabla ya ile ya mwenzake iliyokuwa baridi. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa.

Hakuliacha swali. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akaja mgeni kutoa mhadhara, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama na kuuliza swali lilelile. Wanafunzi wakacheka. Osborne akarudi Dar, akaagiza lipimwe maabara. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Jina la kwanza: Mpemba. La pili: Osborne. Leo dunia nzima inalifahamu jambo hilo kama athari ya Mpemba.

Na je, alikuwa sahihi? Wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2016 kulitoka utafiti uliosema hauoni ushahidi wa kutosha wa athari hiyo. Hilo halimpunguzii kitu. Ukichapisha, haumaanishi umemaliza mjadala. Umeingia kwenye mjadala, na hakuna atakayeuzungumzia bila kukutaja.

Sasa mlinganishe na Jocelyn Bell, mwanafunzi wa uzamifu pale Cambridge. Mwaka 1967, akikagua mamia ya mita za karatasi kutoka darubini ya redio, aliona mapigo yanayojirudia kila baada ya sekunde moja na kidogo. Alikuwa amegundua pulsa, masalio ya nyota yanayozunguka kwa kasi ya ajabu. Makala ilitoka kwenye Nature Februari 1968, jina la msimamizi wake Antony Hewish likiwa la kwanza, la Bell la pili. Nobel ya 1974 akapewa Hewish pamoja na Martin Ryle. Bell hakupewa. Mwaka 2018 alipopewa tuzo nyingine ya dola milioni 3, pesa zote akazielekeza kusomesha wanafunzi wa fizikia kutoka makundi yanayosahaulika.

Wanafunzi wawili, miaka ileile, ugunduzi halisi mikononi. Mmoja alitanguliwa na msimamizi wake, mwingine akamtangulia mtaalamu. Mpangilio wa majina unaamua mengi kuliko unavyodhani, na tutaurudia hapa chini.

Data ipo, na haihitaji darubini

Haya, tuingie kazini.

Setilaiti ya Gaia ya Wazungu wa Ulaya ilirushwa Desemba 2013. Toleo lake la tatu la data, lililotolewa Juni 2022, lina nyota takriban bilioni 1.8. Liko wazi. TESS ya NASA, iliyorushwa Aprili 2018, hupima mng'ao wa nyota bila kuchoka ili kukamata sayari zinazopita mbele yake. Data yake iko kwenye hifadhi ya mtandaoni iitwayo MAST, nayo ni bure. Afrika Kusini kuna MeerKAT, sahani 64 za redio zilizozinduliwa mwaka 2018, nayo hufungua data yake baada ya muda wa wenye mradi kuisha.

Faili ya nyota moja ya TESS mara nyingi huwa megabaiti chache tu. Video moja ya TikTok inaweza kula bando zaidi ya hiyo. Kompyuta yako ni ya zamani? Google Colab inaendesha programu zako kwenye mashine zao, wewe unahitaji brauza pekee. Lugha ya kompyuta ni Python, ambayo inajifunzwa bure, na kuna kifurushi kiitwacho Lightkurve kilichotengenezwa kwa kazi hii hasa: unaandika jina la nyota, kinakuletea grafu ya mng'ao wake.

Kabla ya yote, jifunze kutumia ADS, maktaba ya makala za astronomia inayogharimiwa na NASA. Kutafuta ni bure. Ukiwa na wazo lolote, liandike pale kwanza uone nani ameshalifanya. Nusu ya hekima ya utafiti ni kujua kilichokwisha kufanywa.

Swali liwe dogo

Hapa ndipo wengi huangukia. Mtu anataka aanze na asili ya ulimwengu. Tafadhali. Chukua swali linaloweza kujibiwa kwa miezi mitatu.

Mfano. Kuna nyota ambazo kumbe ni mbili zinazozungukana. Moja ikipita mbele ya nyingine, mng'ao unashuka, kisha unapanda tena. Mdundo huo una muda wake maalumu. Sasa chukua mojawapo ambayo muda wake ulipimwa miaka 20 au 30 iliyopita. Pakua data ya TESS, pima upya. Muda ni uleule au umesogea? Kama umesogea hata sekunde chache, kuna kitu kinaendelea: pengine gesi inahama kutoka nyota moja kwenda nyingine, pengine kuna nyota ya tatu imejificha. Hilo ni swali dogo, lina jibu, na jibu lina maana. Makala za aina hiyo huchapishwa kila mwaka.

Usidhani ni kazi ya wazee. Mwingereza John Goodricke alikuwa kiziwi, na alikuwa na miaka 18 tu alipoanza kuifuatilia nyota iitwayo Algol kwa macho matupu mwaka 1782. Jina Algol limetoka kwenye Kiarabu, lina maana ya zimwi. Kila baada ya siku mbili na saa kama 21 hivi, zimwi hilo hufifia kwa saa kadhaa hadi kubaki na kama thuluthi ya mng'ao wake. Goodricke akapima muda huo, akapendekeza kwamba huenda kuna kitu kinachopita mbele yake, na mwaka 1783 taarifa yake ikasomwa mbele ya Royal Society. Wakampa medali ya Copley mwaka huohuo. Algol inaonekana hata Kabati, upande wa kaskazini, jioni za mwisho wa mwaka.

Na macho matupu bado yanahesabika. Mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020, Betelgeuse, ile nyota nyekundu ya Orioni, ilififia hadi mtu wa kawaida akaona tofauti. Wataalamu walitumia pia vipimo vya watu wasio wataalamu, vilivyotumwa kwa AAVSO, chama cha wafuatiliaji wa nyota zinazobadilika kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911 na kinachopokea vipimo kutoka popote. Mtu wa Kabati angeweza kutuma chake akiwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba.

Kutoka grafu hadi makala

Umepata jibu. Sasa andika, na usianze na utangulizi. Anza na grafu. Grafu yako bora ndiyo moyo wa makala, na maneno yote yapo kuieleza: data ilitoka wapi, uliisafishaje, ulipimaje, kiasi cha shaka ni kipi, waliotangulia walipata nini, wewe umeongeza nini. Utangulizi na ikisiri viandikwe mwisho.

Kiasi cha shaka usikiruke. Ukisema muda ni siku 2.8673 bila kusema unaweza kukosea kwa kiasi gani, hujasema kitu. Hapo ndipo wakaguzi hukukamata.

Makala huandikwa kwa Kiingereza na kupangwa kwa LaTeX, na Overleaf inakuruhusu kufanya hivyo kwenye brauza bila malipo. Ukitumia AI kunyoosha lugha, soma masharti ya jarida na useme wazi ulivyoitumia. Usiiruhusu ikutafutie marejeo, maana ina tabia ya kubuni makala ambazo hazijawahi kuandikwa. Kila kazi unayoitaja, ifungue kwa macho yako kwenye ADS.

Upeleke wapi, na kwa pesa ngapi

Hapa sikiliza vizuri kwa sababu hapa pesa inaingia.

Majarida makubwa mengi sasa yanasomwa bure na kila mtu, lakini mwandishi ndiye hulipa. The Astrophysical Journal na The Astronomical Journal ya Marekani yalifanya hivyo Januari 2022. MNRAS ya Uingereza ikafuata Januari 2024, na ada yake ni zaidi ya pauni 2,000. Hizo ni zaidi ya laki tatu za Kenya. Kwa laki tatu unafungua duka Kabati na chenji inabaki.

Usikate tamaa, kuna njia nne.

Kwanza, majarida mengi yana utaratibu wa kusamehe ada kwa watafiti wa nchi zenye kipato kidogo, au kwa asiye na mfadhili. Kila jarida lina masharti yake, kwa hivyo andikia ofisi yao kabla ya kutuma makala. Kuuliza si aibu na hakuathiri hukumu ya kazi yako.

Pili, kuna The Open Journal of Astrophysics. Wakaguzi ni wataalamu kama kwingineko, lakini mwandishi halipi na msomaji halipi. Makala yenyewe inakaa arXiv.

Tatu, kama matokeo yako ni mafupi, kuna Research Notes of the AAS, iliyoanza 2017. Ni noti fupi yenye grafu au jedwali moja. Inapitiwa na wahariri badala ya wakaguzi kamili, lakini inapata namba yake rasmi na inaingia ADS. Kwa mwanafunzi, hiki ni kiingilio kizuri mno.

Nne, arXiv yenyewe. Ni hifadhi ya bure iliyoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991, na karibu kila mwanaastronomia duniani huisoma asubuhi na chai yake. Kuna kikwazo kimoja: mtu mgeni anahitaji kuidhinishwa na mtafiti aliyewahi kuchapisha humo. Kama mhadhiri wako hana hadhi hiyo, angalia waandishi wa makala ulizozitumia. Chini ya kila makala, arXiv inakuonyesha yupi anaweza kuidhinisha. Mwandikie baruapepe fupi: wewe ni nani, umetumia makala yake vipi, umepata nini, na ambatisha rasimu. Usimwandikie watu hamsini barua moja iliyonakiliwa. Mwandikie mmoja, barua yake mwenyewe.

Makala ikienda kwa jarida lenye wakaguzi, itarudi na maoni ya kukuchoma roho. Ukiambiwa inahitaji marekebisho makubwa, hujakataliwa. Umeambiwa rekebisha, urudi. Jibu kila hoja moja moja, kwa adabu, hata ile ya kijinga.

Matapeli nao wako kazini

Siku moja utapata baruapepe inakuita profesa mashuhuri. Itasema kazi yako ni ya kipekee, itachapishwa ndani ya siku tatu, tuma dola mia tu. Ukikimbia, una akili.

Hayo ni majarida ya kitapeli. Hayana wakaguzi, yanachapisha chochote mradi umelipa, na yanawinda hasa wanafunzi na wahadhiri vijana wa Afrika na Asia wanaosukumwa kuchapisha ili wahitimu au wapandishwe cheo. Pesa ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba kazi ikishatoka pale, jarida la maana halitaichukua tena, na jina lako limekaa kwenye jaa.

Kipimo chepesi: ingia ADS utafute makala za jarida hilo. Je, watu unaowasoma wamewahi kuchapisha humo? Je, wahariri wapo kweli kwenye kurasa za vyuo vyao? Je, muda wa ukaguzi una mantiki? Wakaguzi halisi ni watu wenye kazi zao. Hukumu ya siku tatu haipo.

Jina lako mstari wa ngapi?

Turudi kwa Mpemba na Bell.

Wewe ni komredi wa mwaka wa nne. Umepakua data, umeandika programu, umechora grafu, umekesha. Mhadhiri amekupa wazo na kusoma rasimu. Katika astronomia desturi ni kwamba aliyefanya kazi kubwa ya makala ndogo kama hiyo anakaa wa kwanza, na msimamizi aliyetoa mwongozo wa kweli anafuata. Mtu aliyekuazima laptopu anashukuriwa mwishoni. Na mkuu wa idara ambaye hajasoma hata kichwa hana nafasi kwenye orodha kwa sababu tu ni mkuu.

Najua mambo yalivyo huku kwetu. Mwalimu ni mzazi, na mzazi habishiwi. Ndiyo maana mazungumzo hayo yafanyike mapema, kabla kazi haijaiva, tena kwa heshima. Sema: Daktari, ningependa tukiifanya hii kuwa makala, mimi niandike rasimu ya kwanza, nawe uniongoze; majina tuyapange vipi? Akijibu, mwandikie baruapepe ya kumshukuru ukirudia mliyokubaliana. Hakuna aliyekosewa adabu, na kumbukumbu ipo. Jisajili pia ORCID, namba ya bure ya mtafiti, ili kazi zako zisichanganywe na za Mutua wengine elfu moja.

Na usiache projekti yako ife. Kila mwaka, projekti za fizikia na hisabati kutoka vyuo vyetu, kuanzia Nairobi hadi SEKU pale Kwa Vonza, kaunti hiihii ya Kitui, zinajalidiwa kwa gundi na kufungiwa kabati la idara. Kabati na Kabati, unaona? Nyingi hazitakuwa makala. Lakini moja kati yake ina grafu ambayo dunia haijaiona, na aliyeichora yuko mtaani anauza laini za simu.

Na kama huna digrii?

Mimi niliacha chuo kabla ya kufika mwaka wa projekti, kwa hivyo swali hili naliuliza kwa niaba yangu pia. Jibu ni kwamba jarida halikuulizi cheti. Linauliza kama kazi ni sahihi. Kinachokosekana kwa aliye nje ya chuo ni mtu wa kumkosoa kabla ya wakaguzi kumkosoa, na huyo lazima umtafute.

Njia moja ni kuanza kama msaidizi. Hanny van Arkel, mwalimu wa shule kule Uholanzi, alikuwa akipanga picha za galaksi kwenye mradi wa umma wa Galaxy Zoo mwaka 2007 alipoona wingu la ajabu la rangi ya buluu. Akauliza hiki ni nini. Makala ya kulieleza ilipotoka mwaka 2009, jina lake lilikuwa kati ya waandishi. Miradi ya aina hiyo bado iko Zooniverse, na simu inatosha.

Hapa nyumbani milango ipo. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha astronomia na astrofizikia kwa digrii ya kwanza. Mradi wa DARA, ulioanzishwa kwa ushirikiano wa Uingereza na Afrika Kusini, umefunza vijana wa nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, misingi ya astronomia ya redio, na baadhi yao wakaendelea na uzamili na uzamifu. Kenya ni mshirika wa mradi wa darubini kubwa ya SKA. Susan Murabana na mradi wake wa The Travelling Telescope wamezungusha darubini mashuleni kwa miaka. Na Agosti 2024, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulifanya mkutano wake mkuu Cape Town, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika.

Tuongee ukweli kuhusu pesa

Makala haitakulipia kodi. Jarida halikulipi hata ndururu. Kama mwisho wa mwezi umefika na landlodi anabisha hodi, insha ya mzungu italipa haraka kuliko nyota mbili zinazozungukana, ingawa hata huko tangu AI ije kazi si kama zamani.

Lakini insha ikishalipwa imekwisha. Huwezi kuiweka kwenye barua ya maombi, huwezi kumwonyesha mama, huwezi hata kukiri uliiandika. Makala yenye jina lako inabaki. Ukiomba nafasi ya uzamili Cape Town au Leeds, kamati inaweza kuifungua na kuona unavyofikiri. Ukitafuta kazi ya data Nairobi, programu uliyoiandika ni ushahidi ambao cheti hakina. Na mtu mwingine, miaka 30 ijayo, atapima nyota ileile, atalinganisha na kipimo chako, na italazimu akutaje.

Kwa hivyo wiki hii fanya mambo matatu tu. Fungua ADS usome makala moja fupi kuhusu nyota mbili zinazofunikana, hata kama utaelewa robo. Fungua Colab, pakia Lightkurve, chora grafu ya nyota moja. Kisha andika chini, kwa sentensi moja, swali ambalo grafu hiyo imekuachia. Sentensi hiyo ikiwa na alama ya kuuliza mwishoni na hakuna aliyeijibu kwenye ADS, umeanza. Juu ya ukurasa huo andika jina lako lote, kama lilivyo kwenye kitambulisho.